Ufagio Chini ya Mijakaranda

Katika Nyansiongo nzima Machogu hakuwa amepata mtu wa kumheshimu. Wazungu aliwadharau kwa sababu walilima kwa kusoma vitabu, na mvua haijui kusoma. Waafrika waliochukua mashamba yao baada ya Uhuru aliwadharau zaidi, kwa sababu hao hata vitabu hawakuwa navyo. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mtunza bustani wa mzungu mmoja ambaye vibarua walimwita Bwana Miwani. Mzungu huyo alipouza shamba na kwenda zake, Machogu alibaki pale pale, kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba kubwa, na migomba yake minne, kama jiwe ambalo mkulima huona afadhali alizunguke kuliko kuling'oa.

Wala si kwamba alipenda sana kukaa. Alikuwa hana pa kwenda. Mkewe alikuwa amekufa, watoto hawakujaliwa, na siku aliporudi kwao kuulizia sehemu yake ya shamba la baba, alimkuta ndugu yake amepanda kahawa mpaka mahali ambapo nyumba yake ingesimama. "Ulichelewa," ndugu yake alimwambia, akaendelea kupalilia. Machogu alitema mate chini, akageuka. Tangu siku hiyo kile kibanda cha Nyansiongo ndicho kilichokuwa kwao, na mtu akitaka kumwona Machogu akinyamaza, alihitaji tu kukitaja kibanda hicho.

Sasa mwenye shamba alikuwa Onchiri, mfanyabiashara wa Ogembo, muuza sukari, chumvi, mablanketi na mafuta ya taa. Aliinunua nyumba kubwa ya mzungu yenye vyumba tisa, na tangu ainunue, tumbo lake lilikuwa likimtangulia mlangoni. Mkewe alibaki Ogembo kuangalia duka. Nyansiongo alimweka mpishi mmoja wa kulipwa, na mama yake mzazi, bibi mmoja mkavu, mwepesi, aliyeitwa Bosibori, aliyeletwa kutoka Nyacheki ili majirani waone kwamba Onchiri ni mtoto mwema.

Januari ya mwaka wa sitini na saba, Onchiri alisimama mbele ya nyumba yake, mikono kiunoni, akatazama chini ya miti. Ilikuwa miti saba mikubwa, yote mijakaranda, matawi yake yameshikana juu kama paa. Chini yake hapakuwa na kitu. Udongo mtupu, mgumu, umepigwa na nyayo na matone, mizizi imetokeza hapa na pale kama mishipa ya mkono wa mzee.

"Machogu!"

"Naam, Baba Jethro."

Onchiri alikunja uso. Alipenda kuitwa Bwana. Lakini Machogu alikuwa rika lake, na alikwisha kumaliza mabwana wake wote kwa yule wa miwani.

"Hapa mbona pana kipara?"

"Ni kivuli, na kiu. Mizizi inakunywa maji yote."

"Sikukuuliza habari za kiu. Sikiliza. Jumapili ya pili ya mwezi wa nne, wakwe wanakuja kuona nyumba. Mwalimu mkuu kutoka upande wa Nyamira, unasikia? Jethro anataka kumwoa binti yake. Watu waliosoma hao. Nataka wakifika hapa wakute kijani. Maua, majani, kama kwa D.C."

"Inawezekana."

"Nimekwambia nataka, sikukuuliza kama inawezekana. Pakiwa kijani siku hiyo, kibanda chako utakaa nacho mpaka ufe, na migomba yako. Pakiwa hivi, Jumatatu yake ufunge virago. Nina kijana wa kuchunga ng'ombe anayehitaji mahali pa kulala."

Machogu alinyamaza, kama kawaida yake kibanda kilipotajwa.

"Nitaleta maksai wawili walime," Onchiri akaongeza, "futi mbili kwenda chini."

Hapo Machogu akapata ulimi wake. "Maksai? Chini ya miti? Walete, Baba Jethro. Ila siku hiyo uhame chumba chako cha mbele. Mti uliokatwa mizizi hauulizi mwenye nyumba amelala wapi."

Onchiri alitazama mijakaranda, akatazama paa la mabati jekundu alilolilipia, akaghairi maksai. "Fanya unavyojua," akasema, akaingia kwenye pikapu yake, akarudi Ogembo. Machogu akamsindikiza kwa msonyo mrefu. Futi mbili! Mtu amezaliwa na kukulia kwenye migomba, halafu anataka kulima mizizi ya mti kama anang'oa viazi. Duka humharibu mtu.

Kazi yenyewe Machogu aliijua kama anavyojua njia ya kwenda mtoni. Memsabu, mke wa Bwana Miwani, alipoteza miaka mitatu akichimba chini ya miti ile na kupanda mbegu za ng'ambo, na kila mwaka zilikufa. Yeye Machogu alikwenda msituni, akachungulia chini ya miti ambayo haikupandwa na mtu, akaona kwamba huko hakuna anayechimba. Majani huanguka, yanalala, yanaoza, na chini yake udongo unakuwa mweusi na mlaini wenyewe. Ukitaka kitu kiote chini ya mti, usimpige mti jembe. Mlishe udongo, umfunike, umwache alale. Akamwambia memsabu. Mwaka wa nne bustani ile ikasimama, na memsabu akawaeleza wageni wake jinsi alivyoigundua njia hiyo mwenyewe. Walipoondoka tu, ng'ombe wa watu wakaingia, miaka miwili, wakala kila kitu.

Basi akaanza upya. Alipanda juu na panga, akapunguza matawi ya chini ili mwanga upite. Akachukua chuma chembamba, akatoboa udongo kati ya mzizi na mzizi, tundu baada ya tundu, bila kukata hata unyuzi mmoja. Akabeba samadi iliyooza kutoka boma la ng'ombe, karai baada ya karai, na udongo mweusi wa kando ya mto, akatandaza juu. Akamwagia maji. Kisha akakusanya majani, ya mijakaranda, ya migomba yaliyokauka, na mabua ya mahindi aliyoyakata vipande, akayalaza juu ya vyote, unene wa kiganja. Ilimchukua siku nne. Jioni ya siku ya nne mgongo ulimuuma, lakini alisimama akatazama, akajisemea kwamba kama Mungu angehitaji msaidizi siku ile ya tatu ya uumbaji, angejua pa kumpata.

Asubuhi akakuta pameng'aa.

Hapakuwa na jani hata moja. Samadi yenyewe ilikuwa imekokotwa na ufagio ikaenda na majani, udongo wa mto ukafuata, na ule mgumu wa zamani ukabaki uchi, umechorwa mistari mizuri ya ufagio, upinde baada ya upinde, kutoka ngazi za nyumba mpaka mti wa mwisho. Kando ya ua moto ulikuwa ukifuka moshi. Na karibu na moto alisimama Bosibori, leso kiunoni, ufagio wa vijiti mkononi, akimtazama kama mtu anayesubiri kupongezwa.

"Bwakire," alimwamkia.

"Bwakire, Mama."

"Watu wa nyumba hii wamelala fofofo huku uwanja unajaa takataka," alisema Bosibori. "Uwanja usiofagiwa ni wa nyumba yenye kilio. Kwani hapa kuna aliyekufa?"

Machogu alihisi tusi likipanda kooni. Akalimeza. Mama wa rika lako ni mama yako, na kwa Wagusii mtu hamjibu mama yake neno la ukali, hata kama amekuchomea kazi ya siku nne. Heshima hiyo alikuwa nayo. Lakini kulikuwa na njia ya katikati, ambayo mtu mwingine angeiona mara moja: kumweleza. Kumwambia, Mama, haya majani si takataka, nimeyaweka kwa kazi hii na hii. Machogu hakumweleza. Atamweleza nini mwanamke wa Nyacheki ambaye maisha yake yote amefagia udongo mpaka ukawa mgumu kama sahani? Ataelewa nini? Alichukua karai lake, akaenda bomani kuanza tena.

Akatandaza tena. Asubuhi pakafagiliwa tena. Akaamka mapema zaidi, akamkuta ameshamaliza. Akatandaza mchana, akakaa hapo kulinda mpaka giza, na alfajiri, kabla ndege hajalia, akasikia kutoka kibandani kwake shwa, shwa, shwa. Siku moja tu katika wiki majani yake yalisalimika, nayo ni Jumamosi, maana Bosibori alikuwa Msabato wa kweli na siku ya Sabato hakugusa ufagio. Ijumaa alifagia mara mbili kufidia. Basi majani ya Machogu yalipumzika siku ya saba pamoja na waumini wengine, na Jumapili alfajiri yakaenda motoni.

Siku moja bibi yule alisimama, akajifuta jasho, akamwuliza kwa upole kabisa, "Hebu niambie, mwanangu. Haya majani yanatoka wapi? Nafagia, nafagia, na kesho yako mengi kuliko jana."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake, imeletwa mpaka mkononi. Machogu alimtazama, akatazama ufagio, akasema, "Yanaanguka, Mama."

"Hii miti ina laana," alisema Bosibori, akainama tena.

Machogu alicheka peke yake njia nzima mpaka bomani. Yanaanguka! Na bibi amekubali! Aliwasimulia wachungaji hadithi hiyo mara mbili. Lakini usiku hakucheka, kwa sababu Februari ilikuwa imeingia, mvua ziko karibu, udongo haujalala hata wiki moja, na kila alipofumba macho alimwona mchunga ng'ombe akitundika shati lake ukutani mwa kibanda chake.

Onchiri alipokuja mwisho wa wiki ile, akakuta kipara kinang'aa, aliuma meno. "Machogu. Naona unataka kuhama."

Machogu alikuwa ameshayapanga maneno yake, tena vizuri. "Baba Jethro, nina wasiwasi kuhusu Mama."

"Wasiwasi gani?"

"Anaamka kabla ya jogoo, anafagia gizani, anavuta moshi. Jana amekohoa sana. Halafu anasema na miti, anasema ina laana." Hilo la laana lilikuwa kweli, na Machogu alilifurahia kwa sababu hiyo. "Mimi ni mtunza bustani tu. Lakini wageni wakija, wamkute mama wa mwenye nyumba hii ameshika ufagio kama kibarua, watasema nini?"

Jambo hilo lilikuwa limemsumbua Onchiri mwenyewe tangu siku ya kwanza, hasa leso ile iliyofifia na ile miguu peku juu ya sakafu iliyopigwa nta. Sasa mtu mwingine alikuwa amemsemea, na kwa jina la huruma.

"Kweli," akasema. "Mama anahitaji kupumzika. Nyacheki kuna utulivu."

"Utulivu mwingi," alisema Machogu.

Nyacheki kulikuwa na nyumba ya udongo, mlango wenye kufuli la kutu, na hapakuwa na mtu. Wote wawili walijua.

Bosibori alichukuliwa Jumatatu. Hakulia wala hakubishana. Alisema tu, akiwa amesimama kando ya pikapu na kikapu chake, "Mpishi anapika. Maji yanatoka ukutani. Ng'ombe wana mchungaji. Nilikuwa nimebakiwa na uwanja tu. Sasa uwanja pia umenishinda?" Onchiri alimwambia ni kwa ajili ya kifua chake. Bosibori alimtazama mwanawe, akapanda gari. Machogu, akiwa nyuma ya mti wa tatu, alijifanya anachunguza gome.

Jioni alipofika kibandani akakuta ufagio wa vijiti umeegemezwa mlangoni mwake. Hakujua bibi aliuweka saa ngapi. Alisonya, akauchomeka juu kwenye paa, kati ya nyasi na boriti, asiuone tena.

Baada ya hapo kazi ilikwenda yenyewe. Samadi, udongo wa mto, majani unene wa kiganja, na safari hii yalilala. Siku ya kumi alifunua, akaona minyoo. Siku ya ishirini alisukuma kidole, kikazama mpaka kifundo cha pili. Mvua za Machi ziliposhika, alifungua vishimo vidogo kati ya mizizi, kila kimoja cha kutosha ngumi, akapanda: ile mimea ya kando ya mto yenye majani kama kitana, mayungiyungi meupe yaliyokuwa yamekimbilia kwenye mtaro tangu siku za memsabu, na yale majani ya kutambaa yenye mgongo wa zambarau ambayo ukiyatupa juu ya jiwe yanaota. Akayarudisha majani makavu kuzunguka kila shina. Mwezi wa nne ulipofika, chini ya mijakaranda palikuwa kijani kibichi, kinene, kinachotoa unyevu, na mayungiyungi yamesimama katikati.

Onchiri alipokuja alizunguka mara mbili. "Nilijua," akasema hatimaye, "nilipokuelekeza, nilijua patakuwa hivi."

Machogu alimwangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Memsabu mwingine huyo, mwenye tumbo.

Jumapili ya pili wageni walifika saa nne. Alikuja mwalimu mkuu, wajomba wawili, na mbele yao wote akatembea Obwocha, esigani wao, yaani mshenga aliyepewa kazi ya kuipeleleza nyumba kabla binti hajatolewa. Alikuwa mzee mfupi, koti limechanika kiwiko, macho madogo yasiyokaa mahali pamoja. Machogu, aliyesimama pembeni na kofia mkononi, alimdharau papo hapo. Hiki kikongwe ndicho cha kupima nyumba ya vyumba tisa?

Onchiri aliwapeleka moja kwa moja chini ya miti. "Hii ni bustani yangu. Maua ya kivuli. Si rahisi, lakini ukijua kazi..."

Obwocha aliinama, akashika jani moja, akaliachia. "Pazuri," akasema. "Pametunzwa. Nani hutunza?"

"Mimi mwenyewe, pamoja na mtu wangu yule."

"Hm. Na mama yako yuko wapi? Tumekuja kunywa maji kwa mkono wa mama wa nyumba."

Onchiri alicheka kidogo. "Mama amepumzika. Yuko Nyacheki."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ndiyo. Kifua kidogo."

"Anaumwa kifua, akapelekwa Nyacheki. Kwa nani?"

"Kuna majirani."

"Kwa hiyo yuko peke yake." Obwocha alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayehesabu kuku. Akageuka, akatazama ile nyumba kubwa, madirisha yake, paa lake. Akarudisha macho chini ya miti. "Nimeona haya majani yamepewa samadi. Yamepewa maji, na kivuli, na mtu wa kuyalinda. Yanafunikwa yasipate baridi. Mama je, alipewa nini?"

Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake.

"Binti yetu naye atazeeka," alisema Obwocha. "Nitamwambia mama yake nini? Kwamba nyumba hii inalea majani vizuri sana?"

Walikula, maana ni aibu kuacha chakula cha mtu, lakini walikula haraka. Walipoondoka, Obwocha alisema jibu ni hili: siku mama wa nyumba akiwapa maji kwa mkono wake mwenyewe, watarudi kuzungumza. Siku hiyo isipokuwepo, Jethro atafute kwingine.

Vumbi la wageni lilikuwa halijatua Onchiri alipomvaa Machogu.

"Wewe! Ni wewe uliyeniambia! Mama anakohoa, mama anasema na miti!"

"Ulisema kweli anahitaji kupumzika."

"Nyamaza! Kesho ninakwenda kumleta. Na akija atalala karibu na uwanja wake, katika kibanda kile. Atajua nimemheshimu. Wewe nikirudi nisikukute."

"Tulikubaliana pakiwa kijani..."

"Kijani! Kijani hicho kimeniaibisha mbele ya mwalimu mkuu!"

Basi Machogu akafunga virago. Haikuchukua muda. Sufuria mbili, blanketi, panga, kile chuma chembamba. Alikaa juu ya mzigo wake mlangoni akatazama migomba yake minne, na kwa mara ya kwanza tangu ndugu yake amwonyeshe ile kahawa, machozi yakamtoka, yakamkasirisha. Alikuwa ameshinda. Kila mwenye macho aliona ameshinda. Na bado anafukuzwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipanda mbegu hiyo, akaifunika, akaimwagilia maji. Mdharau mwiba mguu huota tende, alimsikia mama yake marehemu akisema, naye alikuwa mtu wa kusema mambo hayo wakati mbaya.

Alasiri ya siku ya pili pikapu ikaingia. Machogu alikuwa hajaondoka. Alijiambia anangoja jua lipungue.

Bosibori alishuka, kikapu kichwani. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja chini ya mijakaranda, akasimama ukingoni mwa kijani, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti. Alifunua yale majani makavu kwa vidole viwili, kama anayefunua chungu, akachungulia. Udongo mweusi ulimshika mkono. Mnyoo ukajikunja. Alifukua kidogo, akaona mzizi mweupe, akafunika tena vizuri.

"Machogu," aliita bila kugeuka. "Njoo."

Machogu akaja.

"Kumbe hili lilikuwa blanketi."

"Ndiyo, Mama."

"Nilipokuuliza majani yanatoka wapi, ulisema yanaanguka."

Machogu aliinama, akarudisha jani moja lililotoka mahali pake.

"Nimelima miaka hamsini," alisema Bosibori. "Migomba yangu kule Nyacheki nimeifunika kwa majani yake yenyewe tangu nilipoolewa. Unafikiri mimi sijui udongo unataka nini? Uwanja ni uwanja, shamba ni shamba. Hapa mliniambia ni uwanja. Ungesema neno moja tu, 'Mama, hapa nimefanya shamba,' ningekusaidia kubeba samadi. Kwa nini hukusema?"

Ukweli ulikuwa mmoja, na bibi huyu alikuwa akiungoja amepiga magoti. Machogu alitafuta uwongo mzuri, akakosa. "Nilifikiri hutaelewa," akasema.

"Ulifikiri mimi ni mjinga."

"Ndiyo, Mama."

Bosibori alitikisa kichwa, akasimama, akajipangusa magoti. Onchiri alikuwa amefika kwa haraka, anahema. "Mama, kibanda cha huyu ni chako sasa, karibu na uwanja wako. Anaondoka."

"Kibanda cha nini?" Bosibori alimgeukia. "Una vyumba tisa, mimi nilale na moshi? Nataka chumba cha mbele, kile chenye dirisha la huku. Ndicho unacholala wewe? Basi utahama." Akamnyooshea Machogu kidole. "Na huyu anakwenda wapi?"

"Popote. Ndiye aliyenidanganya, Mama."

"Alikudanganya kwa sababu ulikuwa unatafuta wa kukudanganya. Huyu hatoki. Juzi mimi nilifukuzwa nyumbani, najua inavyokuwa. Simfanyii mtu."

Machogu alitaka kusema asante, lakini hilo lilikuwa neno asilolitumia sana, na likachelewa kufika.

"Ufagio wangu uko wapi?" aliuliza Bosibori.

Alikimbia. Kweli, Machogu alikimbia, mtu mzima, mbele ya mpishi na wachungaji. Aliuchomoa kutoka kwenye paa, akaupangusa masizi kwa shati lake, akarudi, akaunyoosha kwa mikono miwili.

Bosibori hakuupokea.

"Mgongo wangu umezeeka Nyacheki," alisema. "Ushike wewe. Chini ya miti usiguse. Lakini kutoka ngazi hizi mpaka lango la barabarani, kila alfajiri, siyo Sabato. Nitakuwa pale dirishani."

Machogu hakuwahi kufagia maishani mwake. Ufagio ni wa wanawake, hata Bwana Miwani hakuwahi kumtuma kazi hiyo. Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye ngazi, amekunja mgongo, shwa, shwa, na wanawake waliokuwa wakipeleka maziwa barabarani wakasimama langoni na madebe yao kichwani.

"Ee! Bwana bustani!" mmoja akapiga kelele. "Leo umeolewa?"

Walicheka mpaka maziwa yakamwagika. Machogu alifagia, masikio yakiwaka moto, macho chini, akaenda mpaka langoni, akarudi mpaka kwenye ngazi, akanyoosha mgongo. Dirisha la mbele lilikuwa wazi. Bosibori alikuwa amekaa pale na kikombe chake cha uji.

"Umeacha jani pale," alisema.